Shoga yako akianza kusahau: mwongozo kwa wanawake waliozeeka pamoja

Maradhi ya kusahau yakiingia ndani ya nyumba, ushauri wote huenda kwa watoto na wakaza wana: nani atamwogesha mama, nani atalala naye, dawa zitanunuliwa wapi. Shoga hatajwi. Naye ndiye aliyechezwa unyago pamoja na mgonjwa, akampamba siku ya harusi, akakaa naye kwenye eda. Anabaki nje akingojea habari, na mara nyingi hujiondoa mwenyewe taratibu kwa sababu hajui aseme nini mbele ya mtu anayemuuliza jambo lile lile mara ya nne.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya huyo shoga. Mifano mingi ni ya Tanga kwa kuwa ndiko niliko, lakini mwanamke wa Mombasa, Unguja au Bagamoyo ataona mambo ni yale yale. Kuuguza kuna wenyewe. Kazi ya shoga ni kumshikia mwenzake nafasi yake miongoni mwa wanawake, aendelee kuwa Bi Fulani wa Makorora, fundi wa maandazi na mshika daftari la mchezo wa kuchangiana fedha, hata siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyataja hayo.

Hatua ya kwanza: jua unachokiona

Sote tuliovuka miaka 60 tunasahau. Unaweka miwani usijue wapi, jina la mkwe wa jirani linakutoka, saa moja baadaye linakujia ukiwa unaosha vyombo. Hilo lisikutie hofu.

Cha kuangalia ni mambo aliyoyajua kwa miaka kuanza kumponyoka. Mpishi aliyepika pilau za harusi maisha yake yote anasimama jikoni na mwiko mkononi, hajui kinachofuata. Anatoka sokoni Mgandini, njia aliyoipita tangu msichana, anajikuta mtaa asioutambua. Anaficha bangili zake ndani ya pipa la unga, kesho yake anamshitaki binti wa kazi kwamba ameziiba. Anashindwa kuhesabu chenji. Aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali au mkimya, anaacha kuja kwenye shughuli, na ukimuuliza anatoa visingizio. Mara nyingi haji kwa sababu anaogopa kuumbuka mbele za watu, hataki mtu ajue.

Wapo wanaosema dimenshia, yaani maradhi haya ya kusahau, ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi haya, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kiasi cha 6 katika kila 100 wanayo. Aina inayoongoza inaitwa Alzaima, kwa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine kubwa hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuharibika, na mizizi yake ni presha na sukari, ambazo wengi wetu tunazo na tunazifanyia mzaha.

Ukishaona dalili, tafuta daftari. Andika tarehe na kilichotokea, kwa maneno machache. Daktari atalihitaji.

Hatua ya pili: hospitali kabla ya kingine chochote

Tofautisha kwanza mambo mawili. Ikiwa amebadilika ndani ya siku mbili tatu, juzi alikuwa mzima na leo anazungumza na watu wasiokuwapo, msingoje. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji mwilini, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka bafuni wiki kadhaa zilizopita. Aende siku hiyo hiyo.

Ikiwa mabadiliko yamekuja polepole kwa miezi au miaka, bado hospitali ni lazima, kwa sababu yapo maradhi yanayofanana na dimenshia na yanatibika. Ombeni apimwe presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Hizi mbili za mwisho watu huona haya kumpimisha bibi. Haya hiyo haimsaidii. Beba mfuko wenye dawa zake zote, pamoja na zile za kununua dukani bila cheti, maana vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio humchanganya mzee akili. Aangaliwe masikio, aangaliwe macho kama ana mtoto wa jicho. Kuna bibi anayeambiwa amesahau kumbe hakusikia alipoambiwa. Na daktari aambiwe kama amefiwa karibuni, kwa sababu huzuni nzito nayo huvaa sura ya usahaulifu.

Hapa shoga ana jambo ambalo watoto hawana. Wao wanamwona kila siku, mabadiliko yanapita mbele ya macho yao bila kuonekana, au wako Dar es Salaam na Muscat wanamsikia kwa simu tu, na kwenye simu mzee hujikaza. Wewe unakumbuka alivyokuwa. Lakini namna ya kulisema ina adabu yake. Usiliseme mbele ya wakaza wana, wala usilipeleke kwenye baraza la watu. Mwite bintiye pembeni: “Mwanangu, juzi mama alipotoka kwangu alishika njia ya Chumbageni badala ya kurudi Makorora. Si mara ya kwanza. Tumpeleke hospitali ya Bombo wakamtazame, mimi nitafuatana nanyi.” Hiyo “nitafuatana nanyi” ndiyo inayofungua mlango. Bila hiyo atasikia lawama. Na kwa mgonjwa mwenyewe, akikataa kwenda, mwambie unakwenda kupima presha yako na unataka mtu wa kukusindikiza. Na kweli ujipime. Hospitali nyingi za serikali Tanzania zina dirisha la wazee kwa waliotimiza miaka 60, ulizeni hapo kwanza kabla ya kupanga foleni ndefu.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana. Zipo za kupunguza makali kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, na daktari ndiye wa kuamua. Anayeuza dawa ya kurudisha akili kwa siku saba asile fedha zenu.

Hatua ya tatu: zima neno “mchawi” mapema

Hili ni la kufa na kupona, na majirani hulitamka kirahisi. Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kosa lao macho mekundu ya moshi wa jikoni. Kilifi, Kenya, ilibidi pawepo mahali pa kuwahifadhi wazee waliotishiwa maisha, Kaya Godoma. Kisii, Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo.

Sasa mtazame mgonjwa wa kusahau: anatoka usiku wa manane na kanga moja, anazungumza peke yake, anaingia uani kwa watu akidhani ni kwake. Kila kimoja ni dalili ya maradhi, na kila kimoja ndicho wanachokitaja wanaotafuta mchawi. Kwa hiyo usikae kimya. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa balozi, kwa imamu au padri, uwaambie kwa jina la ugonjwa. Likitamkwa kwenye msiba au barazani, lijibu hapo hapo, kwa sauti ya kusikika: ni mgonjwa, daktari amemwona, na mimi ndiye niliyempeleka. Mzee mwenye shoga anayesema hivyo mbele za watu yuko salama kuliko asiye na wa kumsemea.

Hatua ya nne: ziara

Nenda asubuhi. Wagonjwa wengi huwa wazito na wenye wasiwasi kuanzia alasiri, na magharibi ndiyo saa mbaya zaidi: anataka “kwenda nyumbani” naye yuko nyumbani. Nenda siku zile zile za wiki kama unaweza, na usiende na kundi. Mkiwa watu watano mnaosema kwa pamoja atachoka, atanyamaza, nanyi mtaondoka mkisema hali imekuwa mbaya.

Ukiingia, jitaje kabla hujaulizwa. “Shoga, ni mimi mwenzio wa Chumbageni, tuliyekuwa tukiuza vitumbua pamoja.” Usimwambie “Unanijua mimi nani?” Naliomba hili kwa nguvu zangu zote, maana kila anayeingia hulisema, na kila akilisema anamtia mgonjwa kwenye mtihani ambao atafeli mbele ya watu. Watoto nao huambiwa wampime bibi: taja jina langu, taja la huyu. Wakatazeni. Asiyejulikana ajitaje.

Sema sentensi fupi, kisha subiri. Jibu linaweza kuchelewa hadi ukadhani hakusikia. Usimmalizie maneno isipokuwa akikutazama kuomba msaada. Badala ya “Utakula nini?” mwonyeshe: mkate huu au muhogo huu? Na swali lile lile likirudi mara ya nne, lijibu kama la kwanza, kwa sauti ile ile, maana kwake ndilo la kwanza.

Gumu kuliko yote ni pale anapomuuliza mtu aliyekufa. “Mama yuko wapi?” Naye mama alizikwa miaka 30 iliyopita. Ukimwambia amekufa, anafiwa upya, analia kilio cha siku ya kwanza, na kesho atauliza tena. Wapo wanaosema kutomwambia ni uongo. Mimi naona kuna njia katikati: usidanganye kwamba mama yuko sokoni, wala usimpe taarifa ya msiba. Muulize habari za huyo mama. “Mama yako alikuwa akipika mchuzi wa papa, hakuna aliyemfikia. Alikuwa akitia nini mle?” Anachotaka mara nyingi ni kuwa karibu naye, na kwa maneno hayo anakuwa.

Akikutuhumu umemwibia, usijitetee. Mwambie tutafute pamoja. Jifunze anapoficha vitu: chini ya godoro, ndani ya mito, kwenye pipa la unga, kwenye vikunjo vya doti za kanga.

Hatua ya tano: ipe mikono kazi

Kumbukumbu za mikono hukaa kuliko za majina. Shoga yangu mmoja, asubuhi aliyokuwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani, niliwekewa na bintiye mbuzi ya nazi chini ya mwembe, nami nikamwachia yeye. Alikaa, akakunja kanga katikati ya magoti, akashika nusu ya nazi akaanza ukingoni kuingia ndani, akizungusha kidogo kidogo. Alipokaribia ile ngozi ya kahawia akasita, akapapasa kwa kidole gumba, akahamia upande wa pili. Hakuna unga wa kahawia hata punje uliodondokea sinia. Kisha akanyoosha mkono akaomba kifumbu. Wajukuu wakatazamana, nyumba ile ina chujio la plastiki tu. Wiki iliyofuata nilimpelekea kifumbu.

Kwa hiyo tafuta aliyokuwa akiyafanya. Kuchambua mchele kwenye ungo, kusuka ukili, kukunja nguo, kuchambua mchicha, kutunga asumini. Usimpe kisu kikali, moto wala mafuta ya kuchemka. Na akikosea usirekebishe mbele yake. Ukili uliokwenda mrama utaufumua ukifika kwako.

Kanga nazo ni hazina. Toa doti za zamani sandukuni, moja moja, zikunjue mapajani pake. Wengine waliokwishapoteza majina ya wajukuu bado watasoma lile jina la kanga, na likishasomwa hutoka hadithi: nani aliivaa, alikuwa akimsema nani. Taarabu ya enzi zenu ipigwe kwa sauti ndogo. Nyimbo za unyago, mkiwa wawili mlango umefungwa.

Haya si ya kupotezea muda. Kule Hai wazee wenye dimenshia walikusanywa vikundi vidogo, mara mbili kwa wiki, vikao 14, wakazungumza, wakaimba, wakafanya kazi za mikono kwa mpangilio, na walionekana kupata nafuu ya akili na ya hali zao. Sisi wanawake wa pwani vikao kama hivyo tunavyo tangu zamani, barazani na uani. Tatizo ni kwamba mtu akiugua tunaacha kumwita.

Hatua ya sita: asitolewe kwenye mchezo wala shughuli

Mtu akianza kusahau, la kwanza wanachama wanalofanya ni kumtoa kwenye mchezo “asije akaleta vurugu”. Abaki. Punguzeni kiwango chake kama familia imebanwa, na mtu mmoja amkumbushe siku ya kutoa. Daftari likabidhiwe kwa mwingine, yeye akae upande wa kulia wa mshika daftari na apokee fedha kwanza mkononi mwake kabla hazijahesabiwa. Zamu yake ikifika, kitita apewe mbele ya mtoto wake na mwanachama mwingine, na iandikwe.

Harusini aende. Mchagulieni saa ya mwanzo, kabla spika hazijafunguliwa, kiti cha karibu na mlango, na mtu wa kuondoka naye ambaye hatanung'unika kuikosa ngoma. Mvalishe vizuri, umtie wanja kama alivyokuwa akijitia.

Fedha, simu na usalama, kwa ufupi

Namba ya siri ya simu ashike mtoto mmoja anayejulikana na ndugu wote, na laini anayobeba isiwe na salio kubwa, maana matapeli wanawapigia wazee makusudi. Wanaopokea Pencheni Jamii Zanzibar, inayotolewa kuanzia miaka 70, au Inua Jamii Kenya, wasindikizwe siku ya malipo. Wewe shoga usishike fedha zake peke yako hata ukiombwa. Urafiki wa miaka 50 umevunjwa na shilingi elfu kumi iliyosahaulika.

Mshonee namba ya simu ya nyumbani kwenye pindo la ndani la baibui au kanga. Wape habari vijana wa bodaboda wa kona ya mtaa, mwenye duka na muuza kahawa: mkimwona peke yake, msimkemee, msalimieni, mtembee naye, mtupigie. Kisima kifunikwe. Jiko la mkaa lisiachwe ndani ya chumba alicholala. Sakafu ya bafuni isiwe na sabuni, na taa ya njia ya choo iwake usiku kucha.

Ibada

Akisahau rakaa, kaa naye mswali pamoja, nawe usome kwa sauti ili akufuate. Asikemewe. Kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka imrejee, na aliyekula kwa kusahau naye amefunga hajafungua. Asiyeweza tena kufunga hulishiwa maskini kwa kila siku, na familia imuulize sheikh wake utaratibu. Mkristo mwenye rozari aachiwe rozari yake, na nyimbo za kanisani za utotoni aimbiwe. Hizo hukaa naye muda mrefu sana.

Usimsahau bintiye

Anayeuguza ndiye anayekufa taratibu bila kusemwa. Ukienda, usikague kama mama ameogeshwa vizuri. Mwambie, “Mwanangu, leo nipo mpaka adhuhuri, nenda saluni, nenda kalale.” Nusu siku hiyo ina thamani kuliko kilo mbili za sukari. Na watoto walio mbali, Dar au Muscat, wakikuuliza hali, wape ukweli, kisha waambie kwamba anayebaki nyumbani anahitaji fedha ya kumlipa msaidizi. Kutoka kwako watalipokea, kutoka kwa ndugu yao litakuwa ugomvi.

Siku asipokujua kabisa

Itafika, na itakuumiza. Lia, lakini kwako au kwa shoga mwingine, usilie kitandani pake. Halafu urudi. Jina limekwenda, ila utulivu anaoupata ukiwa karibu hauhitaji jina: utaona mabega yakilegea, utaona ameacha kuvuta vuta shuka. Mpake mafuta mikono, umchane nywele, ufukize udi kwa mbali asipaliwe. Akilishwa uji, aketi wima, vijiko vidogo, na ungoje ameze kabla ya kingine, kwa sababu katika hatua hii kupaliwa ni hatari ya kweli. Waulize wanaomuuguza kama wanamgeuza upande kila baada ya saa mbili. Akikunja uso anapoguswa mahali, mwambie bintiye, huenda ni kidonda kinachoanza au jino.

Nawe jitazame. Tibu presha yako na sukari, tembea kila siku, vaa miwani, shughulikia masikio yakianza kuziba, na usijifungie ndani. Upweke wenyewe umo kwenye orodha ya mambo ambayo wataalamu wanayahusisha na dimenshia.

Wasia wa mashoga

Hii ningeiweka mwanzo kama watu wangekuwa tayari kuisikia mwanzo. Mkiwa bado nyote wawili mna akili timamu, kaeni mchana mmoja mkaandike. Nikianza kusahau, uniambie wewe, si jirani. Niende hospitali hata nikikataa. Fedha zangu asimamie fulani, na fulani ashuhudie. Nisilale peke yangu. Nisipewe maziwa, sijawahi kuyapenda. Nisinyolewe nywele kwa ajili ya urahisi. Dhahabu yangu iko mahali fulani na ni ya fulani. Nisikatazwe kutoka nje asubuhi. Wanaume wasinibadilishe nguo. Na siku ikifika, wewe uwemo katika watakaoniosha, ukiwa hai na una nguvu. Usipokuwapo, awe fulani.

Iwe nakala mbili, tarehe na sahihi au dole gumba. Moja akae nayo bintiye, nyingine akae nayo wako, na kila mwaka baada ya Idi mzitoe mzisome tena, kwa sababu watu uliowataja wanahama, wanafariki, na wengine wanakosana.